Mkono wa Kubwimana Ndani ya Mashine

Mwaka 2003 Gasaro binti Mudathiru alikuwa na miaka ishirini na minane, na mjini Kamembe, mpakani na Kongo, hapakuwa na mtu aliyepiga taipu kwa kasi kama yeye. Alifanya kazi katika sekretaria ya Maman Honorine, chumba kimoja kilichotazama barabara ya sokoni, ambako watu walikuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba na mialiko ya harusi. Palikuwa na taipu mbili za zamani, mashine ya fotokopi iliyokula karatasi, na kompyuta moja, ambayo wateja waliiita ordinatere na kuitazama kwa adabu kama mgeni aliyetoka mbali.

Kila Jumatano Murhula alivuka daraja kutoka Bukavu. Alikuwa mtu mrefu wa kabila la Washi, wa umri wake Gasaro, mwenye maneno mengi, aliyeuza wino na karatasi kwa sekretaria za pande zote mbili za mto. Lakini wino ulikuwa wa kutafutia chakula tu. Moyo wake ulikuwa kwenye studio ya muziki aliyokusudia kuifungua kwao, na alipopata kujua kwamba zamani Gasaro alikuwa akipiga kinanda kwenye harusi, hakumwacha tena.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi alifungua mkoba wake akatoa sidii mbili zilizoandikwa kwa kalamu.

"Dada Gasaro, leo sikuleta wino tu. Nimekuletea muziki."

"Muziki gani?"

"Muziki ambayo bado haiyapigwa." Akainua sidii ya kwanza. "Hii inaitwa Cubase. Iko kama kaseti, lakini kaseti isiyoisha. Muntu anaimba, inashika. Muntu anapiga gitaa, inashika. Kisha unabapanga, mumoja juu ya mwingine. Na hii ya pili inaitwa Fruity Loops. Hii haina sikio, haishiki sauti ya muntu. Inakuonyesha vijumba, kumi na sita kwa mstari. Ukibonyeza kijumba, ngoma inalia. Ukikiacha, inanyamaza. Batoto ba Kinshasa na ba Kampala banatengeneza humo muziki nzima ya kucheza, bila bendi, bila hata chumba ya kurekodia."

"Basi niachie zote."

Murhula aliinama akatazama kioo cha kompyuta, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imejaa mikataba na barua za miaka mitatu. Maman Honorine alikuwa mjane mkarimu, lakini hakupenda mchezo uingie kwenye kazi; alikuwa amemkatia Gasaro kona moja ya diski, na ruhusa ya kukaa kwenye mashine kuanzia saa kumi na moja jioni hadi magharibi. Kona ile ingebeba programu moja. Mbili zisingeingia.

"Twaa Cubase," alisema Murhula. "Nakwambia kama ndugu. Studio inataka sauti za bantu. Bantu ndo muziki."

"Nipe mpaka Jumatano ijayo."

"Kufikiri nini tena?"

Gasaro alizifunga zile sidii mbili ndani ya gazeti, akaenda nazo nyumbani.

Nyumbani kwao kulikuwa katika mtaa wa Waislamu, nyuma ya msikiti. Baba yake, Mzee Mudathiru, alikuwa fundi cherehani, na barazani kwake hakukupita siku bila suti ya bwana harusi kutundikwa. Ndivyo Gasaro alivyoingia kwenye harusi tangu utoto. Alipokuwa na miaka kumi na saba, mteja mmoja wa baba yake alishindwa kumaliza deni akaacha kinanda kidogo cha umeme, na binti akajifunza mwenyewe kukipiga, sauti ikiwa chini ili mzee asiudhike. Mwaka uliofuata alikuwa anapiga pamoja na vijana wawili: Muhigirwa kwenye gitaa, na Kubwimana kwenye ngoma, ile seti ya ngoma na matoazi ambayo kwao huitwa batri. Walipiga Kamembe, wakapiga Giheke na Nkungu, wakashuka hadi uwanda wa Bugarama, kwao Kubwimana, ambako baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji na yeye mwenyewe alipakia mifuko siku za wiki. Jumamosi alifika kwenye harusi akiwa amevaa shati safi, lakini nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji. Gasaro alikuwa akimfuta kwa kitambaa kabla ya kuanza. Mwanzoni alifanya hivyo kwa kumcheka. Baadaye hakucheka, naye Kubwimana alisimama kimya muda wote wa kufutwa.

Kubwimana alikuwa na mkono wake wa pekee. Pigo la tatu alilichelewesha. Halikuchelewa sana, ni kiasi cha mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu swali. Mpigaji mwingine angefanya hivyo watu wangejikwaa, lakini yeye alipofanya, watu walicheza na mabega. Gasaro alipokuwa kwenye kinanda alihisi lile pengo dogo likimfungukia kama mlango, akapita.

Kisha ikaja Aprili ya 1994, na mauaji ya kimbari. Muhigirwa aliuawa. Alitafutwa kama walivyotafutwa wengine wa kabila lake, akapatikana, na gitaa lake likaonekana siku chache baadaye mgongoni mwa mtu mwingine barabarani. Mwezi wa nane, wanajeshi Wafaransa waliokuwa wamekuja kulinda eneo lile walipokuwa wakifunga mizigo yao, watu kwa maelfu walivuka mto kukimbilia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na baba yake Kubwimana akasema jamaa yake yote itavuka. Kubwimana alipanda baiskeli kutoka Bugarama, siku nzima ya kupanda milima, kuja kusimama mlangoni kwa fundi Mudathiru.

"Wiki mbili, Gasaro," alisema. "Nikishabafikisha kule narudi. Nikirudi nitazungumza na Mzee."

Mzee Mudathiru alikuwa hapo hapo kwenye cherehani yake. Hakuinua kichwa.

Wiki mbili zikawa miaka tisa. Mwaka 1996 vita viliingia Kongo na kambi za wakimbizi zikavunjwa. Maman Speciose, mama yake Kubwimana, alirudi Bugarama kwa miguu, peke yake. Mume alimzika kambini, alikufa kwa kipindupindu. Na mwanawe walipotezana kwenye njia ya kuingia msituni, mvua ikinyesha na watu wakikimbia. Tangu hapo hapakuwa na habari. Wachumba wawili walikuja kwa Gasaro, wote watu wa heshima, naye akawakataa bila kutoa sababu. Sababu kila mtu aliijua. Siku moja baba yake alimwambia, bila ukali:

"Muntu asiyefanya kitu kibaya siku zile mbona harudi? Wengi wamesharudi."

Swali lile lilimwingia Gasaro kama mwiba mdogo usioonekana, na kila alipolala ubavu fulani alilihisi.

Ndiyo maana wiki ile ya sidii mbili ilikuwa nzito kuliko Murhula alivyodhani. Gasaro hakuwa akipima programu tu. Ile ya kushika sauti ilitaka watu waje wakae mbele ya kipaza sauti. Watu wake wawili, mmoja alikuwa kaburini asikokujua, na mwingine hakujua kama yuko kaburini au la. Ile ya vijumba haikutaka mtu. Ilitaka mwenye kukumbuka.

Jumatano Murhula alipoingia, alikuta sidii ya Cubase imewekwa juu ya boksi la karatasi, tayari kurudishwa.

"Umechagua vijumba!" alisema, akashika kiuno. "Dada, utapiga na nani humo ndani? Na mashine?"

"Weka tu, Murhula."

Akaweka.

Jioni ya kwanza Gasaro alijaza vijumba vya ngoma kubwa, kisha ngoma ndogo, kisha matoazi. Alivaa hedifoni akabonyeza. Sauti ilitoka safi, kavu, ya kielektroniki, inayogonga sawasawa kama saa ya ukutani. Ilipendeza, na haikuwa na mtu ndani yake. Alikaa nayo wiki nzima. Kisha akagundua, kwa kupapasa tu na kipanya, kwamba chini ya vijumba kuna vijiti vidogo, na kwamba ukivuta kijiti pigo linasogea mbele au nyuma ya mstari wake, hatua ndogo sana. Aligeuka haraka kutazama kama Maman Honorine ameona.

Akaanza kulitafuta pigo la tatu. Alivuta kidogo, likawa kama kosa. Alivuta zaidi, likawa mlevi. Kila jioni, watu wakipita barabarani na ndizi zao na vitenge vyao, yeye alikuwa amefumba macho akisogeza kitu kisichozidi unywele. Mara nyingine alidhani amelipata, kumbe amechoka tu. Mwezi mmoja ukapita, wa pili ukapita. Siku moja, karibu na Idi, alisogeza, akasikiliza, na mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe kutoka kwenye meza kama uliokuwa unataka kitambaa cha kumfuta mtu nyusi. Alilia pale pale, hedifoni masikioni, na mteja aliyekuwa akingoja fotokopi akamuuliza kama kuna msiba.

Juu ya ngoma zile aliweka besi nzito ya mashine, halafu kinanda, akijaza kwa vijumba mapigo yale yale aliyopiga akiwa na miaka kumi na tisa. Gitaa hakuweka. Programu ilikuwa na sauti kama za gitaa, akazijaribu, akaona aibu, akazifuta.

Murhula aliusikiliza muziki ule hadi mwisho. Alirudisha mwanzo, akasikiliza tena, bega lake moja likaanza kucheza.

"Nani huyu anapiga batri?" aliuliza.

"Ni vijumba."

"Hapana, Dada. Mimi navijua vijumba. Huyu ni muntu."

Gasaro alimweleza. Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya Kubwimana kwa mtu yeyote baada ya miaka mingi, na alipomaliza Murhula alitazama nje, upande wa ziwa, akasema kwamba huko porini kuna watu wengi wangali hai, na kwamba yeye atauliza kwa wafanyabiashara wanaokwenda Walikale na Shabunda.

Aliuliza kweli, mpaka mwanzo wa mwezi wa sita 2004, mapigano yalipozuka ndani ya Bukavu yenyewe. Kutoka Kamembe milio ilisikika wazi, ng'ambo ile pale ya maji. Watu walivuka na magodoro kichwani, kisha daraja likafungwa. Jumatano ikapita bila Murhula, na nyingine, na nyingine. Gasaro alijua jinsi jambo lile linavyoanza. Lilikuwa limekwisha kumpata. Kila siku alishuka mpaka panapoonekana daraja, akasimama na wanawake wengine waliokuwa na watu wao ng'ambo, akarudi kazini. Aliogopa kwamba atapoteza mtu wa pili kwenye mto ule ule, na kwamba atabaki tena kumkumbuka kwa vijiti.

Katika majuma hayo ndipo alipoamua kwenda Bugarama. Aliuhamisha muziki wake kwenye kaseti, akapanda gari linaloshuka kupitia Nzahaha, akamkuta Maman Speciose kwenye shamba la mpunga, miguu ndani ya matope. Bibi yule alimkumbatia kwa mikono iliyolowa. Walikaa mlangoni mwake, Gasaro akaiweka kaseti kwenye redio ya betri.

Maman Speciose alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Muziki ulipofika katikati, aliweka kiganja juu ya redio, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Ni yeye," alisema. "Mungu wangu, ni mwanangu huyu." Kisha akainua kichwa. "Na gitaa? Gitaa iko wapi?"

"Sikuweka, Mama. Mashine haina gitaa nzuri."

Uso wa bibi ulikunjamana. Alizima redio, akasimama, akasema mpunga haungoji na jua linashuka. Alimpa Gasaro ndizi za njiani, akamsindikiza hadi barabarani. Gasaro alirudi akijilaumu, akidhani amemtonesha mama wa watu kidonda kwa mchezo wa kompyuta.

Daraja lilipofunguliwa mwezi wa saba, Murhula alitokea akiwa amekonda, mkoba uleule begani. Duka lake la wino lilikuwa limeporwa. Gasaro alimshika mkono na hakuuachia mpaka Maman Honorine alipokohoa.

Mwaka uliofuata, Februari, siku ya mvua, mtu mmoja aliingia sekretaria akavua kofia mlangoni. Alikuwa mwembamba, mvi zimeanza mapema kwenye ndevu. Gasaro alikuwa akiandika. Alisema "Karibu, keti" bila kutazama. Mtu yule hakuketi.

"Gasaro," alisema.

Vidole vya Gasaro vilibaki juu ya herufi.

Kubwimana alikuwa amerudi siku kumi na mbili nyuma, kwenye lori la wale waliotolewa msituni, akakaa kituo cha kupokelea wanaorudi, kisha akashuka Bugarama. Alikuwa na mke, Mukamazimpaka, waliyeoana huko Walikale, na watoto wawili wa kike. Aliyasema hayo yote mapema, akiwa amesimama, kama mtu anayetua mzigo kabla ya salamu. Gasaro alisikia kila neno. Akasema, "Mungu akukuzie hao batoto," na sauti yake haikutetemeka, jambo ambalo baadaye lilimshangaza.

"Nimekuja kwa kazi," alisema Kubwimana. "Nataka kuandikiwa karatasi. Ya gacaca."

Mahakama za vilima, zile ambazo majirani huketi kwenye majani kusikiliza yaliyotendeka, zilikuwa zimeanza kukusanya habari kila mahali. Gasaro aliingiza karatasi kwenye taipu, kwa kuwa taipu ingempa mahali pa kutazama, akamwambia aseme taratibu.

Akasema. Tarehe kumi na moja ya Aprili Muhigirwa alikuja usiku, naye akamficha darini, juu ya chumba chake. Alikaa huko siku tisa. Siku ya kumi Kubwimana alikwenda kiwandani, kwa sababu kutokuonekana kwake kulikuwa kumeanza kuulizwa. Wauaji walikuja saa nne asubuhi. Mlango ulifunguliwa na baba yake. Hakupigwa, hakutishwa kwa panga. Waliuliza mara moja, naye akaelekeza juu kwa kidole.

Gasaro aliacha kuandika.

"Andika," alisema Kubwimana. "Andika na jina lake. Ni baba yangu, ndiyo. Mama alikuwa anaosha vyombo nyuma, aliona. Mimi nilirudi jioni. Miaka kumi na moja nimeona aibu ya kurudi kusema hii kitu. Lakini dada yake Muhigirwa angali hai Nzahaha, na hajui mdogo wake alikuwa wapi siku zile tisa. Anastahili kujua."

Akaandika. Ukurasa mmoja na nusu. Mwiba wa miaka mingi ulitoka, na mahali ulipokuwa pakauma zaidi.

Alipomaliza kutia sahihi, Kubwimana aliikunja karatasi, lakini hakuondoka. Mvua ilikuwa bado.

"Mama amesema una muziki. Amesema niko ndani."

Gasaro alimpa hedifoni. Alimtazama akisikiliza, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama sawasawa: kovu jipya shingoni, mikono iliyokomaa kwa jembe. Alipofika pigo la tatu alifumba macho. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umelipata," alisema polepole. "Sijui umefanyaje. Hata mimi nililisahau." Akaivua hedifoni. "Lakini unajua kwa nini nilikuwa nachelewa pale?"

"Ulikuwa mkono wako."

"Haikuwa mkono wangu. Ni Muhigirwa. Alikuwa anavuta ule uzi wa tatu kwa ukucha, unakawia kulia. Mimi nilikuwa namungoja. Tazama."

Akaweka vidole juu ya meza ya Maman Honorine, kati ya mhuri na gundi, akaanza kugonga. Huku akigonga aliiga sauti ya gitaa la Muhigirwa kwa midomo iliyofungwa, na Gasaro akasikia: sauti inavutwa, inakawia, na mkono unaingoja, kisha vinatua pamoja. Vyote vilikuwapo mezani pale, gitaa, ngoma na wale watu wawili. Mkono wa Gasaro ulikuwa kwenye kipanya. Ungekuwa na kitu cha kubonyeza angebonyeza. Lakini kwenye kioo kulikuwa na vijumba kumi na sita tu, na programu aliyoichagua haikuwa na sikio. Akabaki kutumia masikio yake, akijua kwamba hayatoshi.

Ilidumu labda dakika mbili. Kisha Kubwimana aliondoa mikono, akaificha mifukoni.

"Rudia," alisema Gasaro. "Murhula anakuja Jumatano. Ana ile programu nyingine, ya kushika sauti. Tutatafuta nafasi kwenye diski, nitafuta hata hii yangu. Uje Jumatano."

Kubwimana alitikisa kichwa.

"Sitaweza, Gasaro. Leo imetoka kwa sababu nimesema yale. Nikiitafuta haitakuja. Na mimi," alitazama mlango, "mimi sina haki ya kuja hapa kila Jumatano. Wewe unajua."

Alijua. Mvua ilipopungua aliaga, akavaa kofia, akashuka barabara ya sokoni bila kugeuka, na Gasaro alimhesabia hatua hadi alipopotea nyuma ya magunia ya mkaa.

Siku ya gacaca alikwenda Bugarama, akaketi kwenye majani nyuma ya watu wote. Kubwimana alisoma karatasi yake akiwa amesimama. Alipolitaja jina la baba yake, mnong'ono ulipita kama upepo kwenye mpunga, na Maman Speciose akajifunika kanga uso mzima. Dada yake Muhigirwa, mama mnene mwenye fimbo, aliomba kusema. Watu walidhani atalia au atalaani. Aliuliza swali moja tu.

"Hizo siku tisa, alikuwa anakula nini?"

"Mihogo," alijibu Kubwimana. "Na siku mbili ndizi. Maji nilikuwa namupandishia asubuhi na jioni."

Mama yule aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kana kwamba anaipokea mihogo ile kwa mkono, akaketi.

Murhula alifungua studio mwaka ule ule, chumba kidogo kwenye mteremko wa Kadutu, kule Bukavu, chenye magodoro ukutani na kompyuta yenye nafasi ya kutosha programu zote mbili. Gasaro alivuka kila Jumamosi kufanya naye kazi. Alijifunza Cubase haraka. Alishika sauti za wanakwaya, za watoto wa shule, za mzee mmoja kipofu mpiga marimba, na watu walisema kwamba rekodi zake zina pumzi. Muziki wa vijumba Murhula alitaka auwekee gitaa la kijana mmoja hodari wa mjini. Gasaro alikataa. Ukatoka hivyo hivyo, ngoma, besi na kinanda, ukapigwa kwenye harusi za Bukavu na Kamembe, na hakuna aliyeuliza kinachokosekana. Walicheza tu, kwa mabega.

Mavuno ya mpunga yalipofika, Maman Speciose alipanda hadi Kamembe na furushi kichwani. Alisema ni mchele mpya wa shamba la mwanawe, anawasalimu wote nyumbani, na mke wake pia anawasalimu. Hakukaa. Gasaro aliuchagua mchele ule mwenyewe, akaupika kwa nazi ya dukani aliyoitafuta nusu ya soko, akampakulia baba yake.

Mzee Mudathiru alikuwa amezeeka sasa, cherehani aliiendesha asubuhi tu. Alikula vijiko vitatu, akakiweka kijiko chini.

"Mchele huu umetoka wapi?"

"Kwa Kubwimana, Papa."

Habari za gacaca zilikuwa zimemfikia mzee kama zilivyomfikia kila mtu, na sasa alijua ni nani aliyeelekeza kidole. Aliichukua sahani akamsogezea binti yake.

"Kula na wewe," alisema. "Usinipe mimi wote."

Gasaro akaketi karibu naye, akala polepole, punje kwa punje.